Mwimbaji Hana Kitu

Uliza huku Tiira, kwenye machimbo ya dhahabu ya Uganda, wimbo bora wa mapenzi wa nyakati zote ni upi, na mzee yeyote wa baa atakujibu kwa sauti ya hakimu: "Malaika". Fadhili William aliuimba, Miriam Makeba akauimba, hata Boney M. wakauimba. Nani aliutunga? Hapo wanaodai ni wengi kuliko wachumba wa binti wa chifu.

Lakini hebu tuyasikilize maneno. Kijana anampenda binti, hana pesa ya mahari, basi analalamika. Hatafuti kibarua, hamwendei mjomba kukopa. Tiira vijana wanashuka mashimoni kwa kamba na kukamata dhahabu kwa zebaki, dalali anaipima chembe huku akikunja uso, na usiku wanaimba kwa hisia kali wimbo wa kukosa pesa, huku bia wakizilipia taslimu.

Mahari yenyewe ina jalada mahakamani. Shirika la MIFUMI, lililochipuka hapo jirani Tororo, liliipeleka hadi Mahakama ya Juu ya Uganda. Mwaka 2015 majaji wakaamua kwamba kudai kurudishiwa mahari ndoa ikivunjika ni kinyume cha katiba; lakini kuitoa, ruksa. Kwa hiyo malalamiko ya kijana yule bado yana nguvu za kisheria.

Kwenye harusi, anayeuimba wimbo huo kwa uchungu kuliko wote ni shangazi wa bibi harusi. Anafuta machozi, anamhurumia sana kijana wa watu, kisha anauliza yule ndama aliyeahidiwa amefikia wapi.