Nenda London Ukaijue Ibra

Siungani na wanaomcheka kijana wa Ibra, Oman, aliyekwenda London kusomea uzamili wa afya ya umma ya dunia. Maradhi ya nchi za joto husomwa vizuri kwenye baridi. Ndiyo maana chuo chake kimekuwa London tangu 1899, mahali ambapo mbu wa malaria hamkatizi mhadhiri. Hata fundi wa majahazi wa Sur, angekuwa na akili, angekwenda kujifunzia Nizwa, ambako bahari haimsumbui mtu.

Na masomo si haba. Ataambiwa kwamba mwaka 2000 Shirika la Afya Duniani liliiweka mifumo ya afya ya nchi 191 kwenye mizani, Oman ikatokea ya nane. Ataambiwa pia kwamba mwaka 2012 Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo kuwa imetokomeza ugonjwa wa macho wa trakoma kama tatizo la afya ya umma. Atanukuu kwa makini, asije akasahau alikozaliwa.

Bibi yake aliyapitia yote hayo kwa macho yake mwenyewe. Lakini bibi husimulia kwa Kiswahili cha Unguja, hana chati za rangi, na kubwa zaidi, hatozi ada kwa pauni. Nani ataamini elimu ya bure?

Akirudi ataendesha semina ya kisukari katika hoteli moja ya Sur. Wageni waalikwa, tafadhalini msichelewe: halwa hutolewa kabla ya hotuba, na tena baada yake.