Muulize Shangazi Asiyekosea

*Shangazi, shikamoo. Daktari kaniambia nitembee nusu saa kila siku. Natembea siku mbili, ya tatu nalala. Nifanyeje? Mvivu wa Tandika.*

Marahaba, mwanangu Mvivu. Barua yako imenikuta na kahawa mkononi na kashata sita za nazi sahanini. Barua za watu sizijibu kavukavu. Kashata naila nikijibu tu, nikiweka kalamu chini nafunika sahani. Ndiyo maana safu hii haijakosa kutoka hata wiki moja, na ndiyo maana fundi wangu wa nguo ni tajiri.

Tuanze na mimi. Nilipokuwa msichana bibi alinikabidhi kinu. Kutwanga mpunga ni kazi ya kuvunja kiuno, lakini umbea wote wa mtaa ulisimuliwa pale kinuni tu, na ukitua mchi, bibi ananyamaza. Siku ya kisa cha mke wa karani nilitwanga mpaka mchele ukawa unga. Tulikula vitumbua siku nne.

Sasa sikia wizi. Mwaka 2014 Katherine Milkman na wenzake wawili huko Marekani walichapisha utafiti wa kinu cha bibi yangu, ila wao kinu wakakiita jimu. Walichukua watu 226 wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, baadhi yao wakapewa riwaya za kusikiliza, zile za kukunyima usingizi, zimefungiwa jimu. Ukitaka kujua nani kafa, njoo utoke jasho. Mwanzoni hao walikwenda jimu kwa asilimia 51 zaidi ya wenzao walioachwa hivihivi. Mwishoni asilimia 61 ya washiriki wakawa radhi kulipa ili wafungiwe riwaya. Kulipa! Bibi hakutoza hata senti.

(Kashata ya tatu hiyo.)

Tafuta basi tamthilia tamu ya kusikiliza, halafu hedifoni mkabidhi mama mwenye nyumba, akupe mlangoni tu, tena umevaa raba. Kama unadaiwa kodi ndiyo vizuri zaidi, maana utatoka mbio. Akikataa, zifunge shingoni mwa mbuzi wa jirani anayekwenda malishoni: waya mfupi, mbuzi hasimami. Lakini ukisikiliza kitandani hata mara moja, umekwisha. Wauza kahawa wa pwani wanalijua hilo. Kahawa yao chungu kama deni, sukari yote wameihamishia kwenye kashata.

Utamu wenyewe usigombee kiungo na kazi. Miguu itembee, masikio yale. Marehemu mume wangu alizoea kusoma gazeti huku akinyoa ndevu. Picha za harusi yetu nimezifungia kabatini. Wala usijizawadie chipsi mayai kila ukirudi. Utakuwa umetembea kuzifuata.

Nusu saa mara tano kwa wiki ni dakika 150, na Shirika la Afya Duniani halimtaki mtu mzima apungukiwe na hizo kwa mwendo wa kuhema kidogo. Mimi nazimaliza harusi moja, kwenda na kurudi jukwaani kutunza waimbaji, na bado naambiwa nimekaa mno.

Nilitaka kukuficha hili: wale wa Pennsylvania walilegea kadiri wiki zilivyokwenda, hasa baada ya likizo ya Novemba. Kwa hiyo ukitoka msibani au sikukuu ya Idi, siku hiyohiyo fungua kisa kipya, wala usi… ngoja. Nani kala ya tano? Wajukuu wako shule. Basi ni mimi.

Haya, tembea, usinisumbue tena. Na wewe "Mwenye Uchungu wa Kisauni", uliyeniandikia kurasa tisa kuhusu mkweo, pole sana, imebaki nusu. Mheshimu, msamehe, hama. Wasalamu.