Makopa kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu anaishi Inyonga, na kwa adabu za kwetu mazungumzo yetu huishia kwenye shikamoo na hali ya mvua. Sasa fikiria usiku ule alipopokea kutoka kwangu msururu wa makopa mekundu na picha ya midomo inayobusu. "Baba, mko salama huko Mpanda?" akauliza.

Mimi nilikuwa jikoni natafuta chumvi. Simu ilikuwa mezani, kwenye chaja aliyoniletea shemeji, ikijibofya yenyewe. Jirani mmoja akasema ni pepo, akanitajia na mtaalamu. Mwingine akalaumu umeme, kama tulivyozoea tangu enzi za mji kuendeshwa na majenereta ya dizeli, akaniazima stabilaiza. Nikaichomeka. Simu ikafungua kikokotoo.

Fundi redio wa Makanyagio, hapa Mpanda, ndiye aliyeipasua ile chaja. Ubaoni palichorwa mahali pa koili na kapasita, ila pa koili pamechomelewa vipande vya waya, na pa kapasita patupu. "Kichujio hakijawahi kuzaliwa," akasema.

Stabilaiza hushughulika na volti zinazopanda na kushuka, basi. Kelele ya umeme ni jambo jingine. Umeme wa ukutani, volti 230, huenda mizunguko 50 kwa sekunde. Ndani ya chaja hukatwakatwa makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde ili transfoma iwe ndogo, na vurugu hiyo, ndiyo kelele, hutorokea kwenye nyaya, ukiwemo ule uingiao kwenye simu. Kioo hutambua kidole kwa kupima mabadiliko madogo mno ya chaji. Kikivamiwa na kelele, huona vidole visivyokuwepo. Kichujio ni koili mbili juu ya pete moja ya feraiti: umeme wa kazi, unaokwenda kwa waya huu na kurudi kwa ule, hupita bila kuulizwa, kelele inayokimbia upande mmoja katika nyaya zote mbili hukwama. Inayoponyoka humalizwa na kapasita, nyingine zikiimwaga kwenye ethi.

Hapo kwenye ethi ndipo kwaya yetu ilipoingia. Amplifaya mpya ilikuwa na kichujio kamili, lakini ekstensheni ilikuwa na nyaya mbili tu. Kapasita zikakosa pa kumwaga, bodi yake ya chuma ikakaa na karibu nusu ya volti za ukutani. Mkondo wenyewe ni mdogo, wa kutekenya, ila mwalimu wa kwaya alisogeza mdomo kwenye maiki iliyoungwa na bodi hiyo akiwa peku juu ya sakafu iliyotoka kudekiwa. Sauti aliyoitoa haimo katika noti zozote. Mzee mmoja wa nyuma akaitikia, "Amina!"

Mafundi wa nyaya wa mkoa wetu wa Katavi, nawaomba: kile kitundu cha tatu cha soketi si pambo. Kifungieni waya, na waya huo uishie kwenye nondo ya ethi iliyozikwa ardhini.