Wasaidizi wa Msaidizi

Wahenga walishauri mgeni apewe jembe siku ya tatu. Hawakumwazia mgeni anayeshuka kwenye basi na jembe lake begani, tena akiwa na wenzake wanane. Wageni wa namna hiyo wanajulikana vijijini wanakokaa vijana wa Peace Corps, shirika la Marekani la kujitolea lililoanza mwaka 1961 na kuingia Tanganyika mwaka huohuo. Kijana mmoja hupangiwa kijiji kwa miaka miwili. Akianzisha mradi, tuseme choo cha shule, huwaita wenzake wa wilaya jirani waje kumpa nguvu: huyu anafundisha fizikia, yule anashughulikia afya, mwingine kilimo. Fundi wa kujenga hayumo. Nami nadai kwamba siku hiyo anayejitolea hasa ni kijiji. Magodoro yanaazimwa, maji ya kuoga yanachotwa mara mbili, kuku anachinjwa, kisha inagundulika kwamba mgeni mmoja hali nyama, na mayai pia hagusi. Fundi wa kijiji, ambaye peke yake angemaliza kozi tatu kabla ya chai, anashinda akifundisha kushika mwiko. Usiku wageni wakilala, anarudi na pima maji, anabomoa kilichopinda na kukijenga upya kimyakimya, kwa kuwa adabu haimruhusu kumpimia mgeni ukuta mbele ya macho yake.

Nitaambiwa kwamba mikono kumi na minane ya ziada si haba. Ni kweli, lakini mikono kijijini ipo tele. Kinachokosekana ni saruji, nondo na bati. Kundi la kwanza lililokuja Tanganyika lilikuwa la wapima ardhi, wanajiolojia na wahandisi wa barabara, watu ambao nchi ilikuwa na uhaba wao kwelikweli. Hakuna aliyeandika barua Washington kuomba mbeba mchanga. Kazi inayowafaa wengi wasio na ufundi ipo, mathalani ile ya kuchora ramani ya dunia kwenye ukuta wa shule, iliyobuniwa na mfanyakazi wa kujitolea huko Jamhuri ya Dominika mwaka 1988: ukuta unagawanywa miraba, kila mtu na wanafunzi wake wananakili mraba wao, na Komoro ikisahaulika inaongezwa kesho bila kumwangukia mtu kichwani. Choo hakina huruma hiyo.

Pingamizi zito zaidi ni la upweke. Miaka miwili ya kula ugali huku watoto wamejaa dirishani si mchezo, na mtu anahitaji kuwaona wenzake. Basi waje, wacheke, waimbe! Ila hesabu iandikwe sawasawa. Ruzuku ndogo za Peace Corps hudai jamii ichangie angalau asilimia 25 ya gharama, kwa fedha au kwa vitu, na fomu zinajazwa mchanga, mawe na nguvu kazi. Kuku simwoni. Atajitokeza mzee kunionya kwamba ukarimu haupigiwi bei, na kwamba nawaaibisha kina mama waliopika kwa moyo. Lakini hata mchanga wa mtoni ni wa Mungu, na bado tumeuhesabu kwa tripu. Waandikwe kuku, kuni, magodoro, na saa ambazo mwenyekiti wa kijiji alitafsiri mizaha isiyotafsirika. Na fundi alipwe mara mbili, kwa ukuta wa mchana na kwa ule wa usiku.