Mwongozo wa Mgeni Anayeshukia Igawa

Ukishuka Igawa, wilayani Mbarali, na kupanda bodaboda kwenda Ubaruku, jambo la kwanza la kujua ni kwamba huku hakuna ukabila. Dereva atakwambia hivyo kabla hamjafika Rujewa. Kisha atageuza shingo kidogo: "Mkuu, kwani wewe mwenyeji wa wapi?"

Usimjibu "Dar es Salaam". Hicho ni kituo cha basi. Anataka kujua babu yako kazikwa wapi. Sensa ya 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza watu makabila yao; tangu hapo kazi hiyo inafanywa bure na madereva wa bodaboda, mama ntilie na baba wa mchumba, tena kwa umakini ambao karani wa serikali hakuwahi kuwa nao.

Hatari ya pili inawapata waliosoma. Umesoma kwamba Richard J. Daley alikuwa meya wa Chicago kuanzia 1955 hadi alipofariki 1976, na Wairishi wenzake wakiwa nguzo ya mtandao wake. Kwamba mto wa mji ule hutiwa rangi ya kijani kwa sikukuu ya Mtakatifu Patrick tangu 1962. Unafika Ubaruku wakati wa kampeni, unaona kijani kila kona, unadhani umeelewa: rangi moja, kabila moja. Pole. Ndani ya fulana zile za CCM yumo Msangu, Mbena, Mkinga, Mnyakyusa na Msukuma, wote wakiitikia "Kidumu!" kwa sauti moja. Sheria ya vyama vya siasa ya 1992 hairuhusu chama cha kabila. Kwa hiyo mgombea husimama jukwaani, akasalimia "Kamwene", akaongeza "Ugonile", akamalizia na "Mwangaluka", halafu akatangaza kwamba yeye hajui ukabila. Wewe sikiliza tu ni salamu ipi iliyopigiwa vigelegele virefu.

Viti vya mbele ni vya wazee wa mila, na soda huanzia kwao. Usiulize kama uchifu haukufutwa. Ulifutwa, 1963. Adam Sapi Mkwawa, chifu wa Wahehe na mjukuu wa yule Mkwawa aliyepambana na Wajerumani, alikuwa ameshakalia kiti cha Spika wa Bunge tangu mwaka uliotangulia. Watu wenye busara hawasubiri kufutwa wakiwa wamesimama.

Sasa neno lenyewe la kuogopa: mwenyeji. Uhafidhina wa huku umejificha humo. Mwenyeji ni yule aliyefika kabla yako. Mgeni ni aliyefika baada ya mwenyeji kupata jaruba.

Nakusihi usijaribu kumtafuta mwenyeji wa kwanza. Wasangu ndio wenye jina la bonde hili la Usangu, ni kweli, ila hata chifu wao Merere alisukumwa na Wahehe akahamia Usafwa, na utawala wake ukarudi Usangu kwa msaada wa Wajerumani waliokuwa wakipambana na Mkwawa. Enzi za Mwingereza Wabaluchi wakalima mpunga wa mifereji. Miaka ya 1970 Wachina wakasaidia kujenga shamba kubwa la serikali la Mbarali, likavuta watu wa kila upande. Wasukuma wakaja na ng'ombe wao, na kwa kuwa ng'ombe hajifichi, wao ndio walioonekana wageni kuliko wageni wote. Mwaka 2006 wafugaji wakaondolewa kwenye ardhioevu ya Ihefu, wakaambiwa wanakausha mto Ruaha Mkuu. Kuna wakulima hawakusikitika sana. Mwaka 2008 mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ukasogezwa, na vijiji vya wakulima navyo vikajikuta upande mbaya wa mstari. Mpaka haukuuliza nani alitangulia.

Kwenye kijiwe karibu na mashine za kukoboa utasikia mzee akisema, "Zamani hapa palikuwa pametulia." Kila mtu atatikisa kichwa kukubali, kijana wa pawatila akiwemo, ambaye ana misimu mitatu tu hapa. Usithubutu kuuliza ni zamani ipi. Zamani ya kila mmoja inaanza siku aliyoshusha begi lake.

Ukitaniwa kuhusu kwenu, cheka na ujibu. Anayenuna ndiye hutajwa kuwa mkabila. Ukiwa wa Iringa, jibu la utani wa kula mbwa liandae mapema.

Na msiba ukitokea, changa. Usishangae ukisoma daftari la rambirambi. Kina Juma ni wengi, kwa hiyo huandikwa kwa kutofautishwa: Juma Mkinga, Juma Pawatila, Juma CCM. Huyo wa mwisho ndiye mshika daftari.