Fungu la Mlembe

Mkataba wa zamani wa Bonde la Yaeda, kule Mbulu, ulikuwa mfupi. Mlembe, ndege mdogo mwenye rangi ya vumbi, huita. Mhadzabe humjibu kwa mluzi na kumfuata mti hadi mti mpaka kwenye mbuyu wenye nyuki. Mtu huchukua asali, ndege hula nta. Mara nyingine mtu huyachoma masega ili ndege abaki na njaa, aendelee kuongoza. Mlembe alilijua hilo, akalivumilia.

Siku moja Heroe wa Ziwa Balangida, alaye Hanang na kutaga Natron, akaleta habari: dunia ilikubaliana Mkataba wa Bioanuwai kule Rio mwaka 1992, Tanzania ikauridhia 1996, na huko Nagoya mwaka 2010 ikaandikwa kwamba wenye maarifa ya jadi wapate fungu lao yanapotumiwa. Mlembe akacheza hewani. Nani aijuaye asali kumzidi yeye?

Kikao kikaitishwa. Nyegere akachaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mgawanyo wa haki, kwa uzoefu wake mrefu na mizinga ya watu. Kiboko wa Basotu aliwakilisha maeneo oevu. Alilala kutwa, akalipwa posho ya kukesha. Tai wa ng'ambo alirekebisha kila ibara ya mkataba wa Rio, akautia sahihi 1993, kisha akapaa bila kuuridhia, na hadi leo yuko juu akitukumbusha wajibu wetu. Mhadzabe hakualikwa, alihesabiwa kuwa sehemu ya mandhari.

Siku tatu ziliishia kwenye maneno "kwa kadiri iwezekanavyo na inavyofaa". Fisi alitaka yaanze kila ibara, Nyegere alitaka yaimalize. Wakapatana yakae kote kuwili. Na kwa kuwa Montreal mwaka 2022 wakubwa waliahidi kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na bahari ifikapo 2030, Fisi akapendekeza asilimia hizo zianzie kwenye viota vya wasio na pa kukata rufaa. Makofi.

Mlembe akanyoosha bawa. "Mheshimiwa Mwenyekiti, na fungu langu?"

"Lipo, kijana. Ibara ya 8, kifungu kidogo cha (j)." Nyegere alifunua kurasa, vidole vikinata asali. "Litajadiliwa kikao kijacho, fedha zikipatikana. Kwa sasa wajumbe wana njaa. Hebu tutangulie, utuonyeshe asali."

"Kwa kadiri iwezekanavyo, Mheshimiwa," akasema Mlembe, "na inavyofaa."

Akaruka mbele yao, mti hadi mti, akiita kwa bashasha, mpaka kwenye pango alimolala chui na wanawe.