Gumba la Bibi

Jumatatu

Nimechora mkono mmoja tangu saa mbili asubuhi hadi saa saba mchana. Ni mkono wa bibi anayesukuma chapati, ukurasa wa sita wa kitabu cha watoto ninachokichorea. Shida iko kwenye kidole gumba. Rasimu niliifanya kwa bluu hafifu, nikafungua leya mpya juu yake, nikaanza kupitisha mistari myeusi. Kila mstari ulipopotoka kidogo niliufuta na kuupitisha upya. Nilikuza ukurasa hadi gumba likajaa kioo kizima, kubwa kama mkate. Nilipoupunguza nikakuta gumba ni sahihi kila upande, ila halisukumi kitu. Nikataka kuurudia mstari wa kwanza kabisa, ule niliouchora kwa pupa. Ule ulikuwa na nguvu. Programu ilikuwa imeshausahau, maana hatua inazozikumbuka zina kikomo.

Jumanne

Umeme ulikatika saa nne, ukarudi saa kumi na moja. Kompyuta ilizimika kabla sijahifadhi kanga ya bibi. Jioni nimeichora tena, na mikunjo imekaa vizuri zaidi ya mwanzo. Mkunjo huanzia pale mwili unapoivuta nguo, begani au kiunoni, halafu hupotea. Basi na mstari wake uanze mzito, uishie hewani.

Jumatano

Nimepita kwa shangazi, Magomeni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Kaa pale, usinizibie mwanga."

Alikuwa anampaka hina bibi harusi. Koni yake ni ya plastiki iliyosokotwa, tundu lake dogo kama la sindano. Nilikaa saa nzima nikitazama gumba lake tu. Anabana hadi tone linene linatua kwenye ngozi, kisha anauvuta mkono huku gumba likilegea taratibu, na jani linatokea: nene shinani, jembamba kama unywele nchani. Kiganja hakiegemei popote. Kinachogusa ni kidole cha mwisho, nacho kinateleza tu. Kalamu yangu inapima mkandamizo wa mkono kwa viwango 8,192, na kwa sababu ya namba hiyo nilidunduliza miezi mingi kuinunua. Shangazi anavipata vyote kwenye koni ya kusokota mwenyewe.

Nimeona pia kwamba kabla ya kila ua anatua, anautazama mkono wote wa bibi harusi, toka kwenye kiwiko hadi kucha. Akishaanza haangalii tena ncha ya koni. Anaangalia kule anakokwenda.

Alinipa koni nijaribu kwenye mkono wangu. Mstari ukatoka vipandevipande.

"Unakwaruza," akasema. "Hina haikwaruzwi, mwanangu, inavutwa."

Nikabana zaidi, koni ikapasuka mapajani mwangu. Doa la gauni halijatoka.

Alhamisi

Nimejaribu njia ya mkato. Natumia Krita, programu ya bure, na ndani yake kuna kipimo cha kulainisha mstari: ukikipandisha, wino unaufuata mkono kwa kuchelewa na kila mtetemo unamezwa. Nilikipandisha karibu na mwisho. Bibi akatoka safi. Mikono yake ikawa kama ya glovu za mpira, na chapati nayo ikawa na ukingo uleule wa mikono yake, kana kwamba unga na ngozi ni kitu kimoja. Mtetemo una aina mbili. Upo wa woga, mkono unapojivuta milimita kwa milimita, na huo acha umezwe. Upo wa mkono kugeuka, kutua, kuongeza uzito chini ya kiwiko pale mwili unapoegemea. Kipimo hakijui kuitofautisha. Nimekishusha hadi karibu na sifuri, na kazi ya siku nzima nimeifuta.

Ijumaa

Ncha ya kalamu imelika upande mmoja, bapa kama jino la mzee. Ncha za akiba nilizitia kwenye kibakuli cha vifungo, na kibakuli kimefagiliwa. Kiganja nacho kinatoa jasho, kinanata kwenye tableti na kukatisha mstari katikati. Nimekata soksi nikaivaa kama glovu, vidole viwili vya mwisho vikiwa ndani. Inateleza vizuri.

Jumamosi

Sikuchora. Nimeshinda na picha za Hokusai, yule mchoraji wa Japani, vile vitabu vyake vya michoro vilivyoanza kutoka mwaka 1814: watu wanaoga, wanabeba mizigo, wanapiga mieleka. Watu wengi husifu brashi yake. Mimi leo nimemuwaza mchongaji. Karatasi ya mchoro ilibandikwa kifudifudi kwenye ubao, na kisu kikapita kandokando ya kila mstari. Mchoro wenyewe ukaangamia hapohapo. Tunachokiona ni alama ya ubao. Lakini mgongo wa mbeba mzigo bado unalemewa, na mstari bado unanenepa pale uzito ulipo. Nilikuwa nimeshaanza kuilaumu kompyuta. Kama mstari ulipona kisu na ubao, basi utapona na tableti. Kilichokuwa kinauua ni mimi kuifuata rasimu yangu kwa nyuma kama ninayekanyaga nyayo za mtu.

Jioni nimeungua ulimi kwa chai.

Jumapili

Nimeitazama rasimu ya bluu kwa muda mrefu, kisha nimeizima. Ukurasa nimeuweka mzima kwenye kioo, bila kuukuza. Nimesimama, kwa sababu nikikaa mkono unatokea kwenye kiwiko na nikisimama unatokea begani. Mstari wa kwanza ulikwenda vibaya, nikauacha ulipo na kuchora mwingine pembeni yake. Wa nne ndio wenyewe: umeanzia kwenye kifundo, ukanenepa chini ya gumba pale linapoubana mti wa chapati, ukakatika kidogo juu ya kucha kwa sababu kalamu ilinyanyuka, ukaendelea. Lile gumba limepinda kwa nyuma, kama linavyopinda gumba la mtu anayesukuma kweli. Mkono wote umechukua dakika tano. Kanga nimeiongeza kwa mistari saba.

Saa tatu usiku nikaanza kumtumia mhariri. Faili ilifika zaidi ya nusu, bando likaisha. Dukani kwa jirani wameshafunga, na vocha niliyokuwa nayo ilikuwa imekwanguliwa.

Itabidi isubiri asubuhi. Nimebaki na usiku mzima, kalamu mkononi, na ule upenyo mdogo juu ya kucha uko wazi mbele yangu. Nimeukuza mara moja, nikaurudisha ulivyokuwa. Sijauziba.